LUKU ya Maji Haiwezi Kufanya Kazi ya Diwani

Tangu Wizara ya Maji ianze kuzihimiza mamlaka za maji zifunge dira za malipo ya kabla, ambazo mitaani zimekwisha kupewa jina la LUKU ya maji, mazungumzo yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unashangilia kwamba bili za kubambikizwa zimefika mwisho: mtu atanunua uniti zake kwa simu, atatumia, zikiisha atanunua tena. Upande wa pili unahofu kwamba asiye na fedha mfukoni atalala bila maji. Wote wanazungumzia kifaa, na kwa maoni yangu wote wanapita kando ya jambo lenyewe. Chanzo cha ugomvi wa bili katika miji yetu ni kwamba huduma moja ya maji inagawiwa kwa wakazi wa halmashauri nyingi, na kati ya halmashauri hizo hakuna hata moja yenye mamlaka ya kuidai huduma hiyo hesabu. Dira mpya ikifungwa juu ya hali hiyo itapunguza aina moja ya makosa, na papo hapo itamwondolea mlalamikaji silaha pekee aliyokuwa nayo. Kwa hiyo nasema hivi: pamoja na dira hizo, madiwani wapewe kazi ya kisheria ya kuisimamia huduma ya maji kwa niaba ya wakazi, na wapewe kabla fundi hajaanza kuzunguka mtaani.

Tuitazame Dar es Salaam, kwa sababu huko jambo hili linaonekana kwa ukubwa wake wote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani humo. Ukiongeza wakazi wa maeneo ya Kibaha, Bagamoyo, Chalinze, Kisarawe na Mkuranga mkoani Pwani, unapata eneo la huduma la mamlaka moja, DAWASA. Sehemu kubwa ya maji yao inatoka mto mmoja, Ruvu, kupitia mitambo miwili: Ruvu Juu yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, inayosukuma maji kwa njia ya Mlandizi na Kibaha hadi Kimara, na Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 270, inayoyaleta kwa njia ya Bagamoyo. Mabomba hayo hayajui mpaka wa manispaa. Valvu ikifungwa mahali pamoja ili msukumo ufike pengine, wa bondeni wanapata na wa mlimani wanakosa, na pengine wa mlimani wako manispaa nyingine kabisa. Wakati wa mgawo wa Oktoba na Novemba 2022, mto ulipopungua, ilibidi kuamua mtaa upi upate leo na upi usubiri hadi keshokutwa. Huo ni uamuzi wa kugawana kilicho haba, na katika nchi yenye uchaguzi uamuzi wa namna hiyo huhitaji watu waliochaguliwa kuutazama kwa macho yao. Hapakuwa na baraza ambamo halmashauri zote zinazokunywa Ruvu zingekaa na kuulizana kama mgawo ule ni wa haki. Chombo kilichokaribia kufanana na baraza hilo, ile Halmashauri ya Jiji ya zamani iliyokuwa juu ya manispaa zote, kilivunjwa Februari 2021, hadhi ya jiji ikakabidhiwa Ilala.

Hatukufika hapa kwa ajali. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua hadi zikapata sheria zake za mwaka 1982, na Katiba katika Ibara ya 146 inasema wazi kwamba madhumuni ya kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Zilirudi, lakini kazi zake zimekuwa zikiondoka moja moja. Kuanzia miaka ya 1990 maji ya mijini yaliwekwa chini ya mamlaka zinazojiendesha kibiashara. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilikwenda TARURA, wakala wa serikali kuu. Mwaka 2019, kwa Sheria Na. 5 ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, wahandisi wa maji wa wilaya waliondolewa halmashauri na kuwekwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulio chini ya Wizara. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na nyingine zilikuwa sababu nzito: miradi ya vijijini ilikuwa inakufa mikononi mwa halmashauri, fedha zinatumika, bomba halitoi maji. Ila jumla ya hatua hizo imetuachia diwani anayeomba kura kwa ahadi ya maji na barabara, halafu akishaapishwa anakuta maji yako wizarani na barabara ziko kwa wakala. Mwananchi hajui mgawanyo huo wa ofisi, na sioni kwa nini alazimike kuujua. Bomba likikauka anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anampigia diwani, diwani anampigia meneja wa kanda wa mamlaka ya maji kama mtu anayeomba hisani.

Hata hesabu zenyewe zimetengana. Za halmashauri zinakaguliwa na CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kufikishwa mbele ya kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Za mamlaka ya maji nazo zinakaguliwa na CAG, lakini zinasikilizwa na kamati nyingine, ile inayoangalia mashirika ya umma. Mbunge aliyeko LAAC anaweza kumbana mkurugenzi wa manispaa kuhusu ushuru wa soko mpaka jasho likamtoka. Hawezi kumuuliza kwa nini nusu ya kata moja haikupata maji kwa mwezi, maana jibu haliko kwa mkurugenzi huyo.

Tumewahi kuonja matokeo ya kuamua mambo ya maji mbali na wakazi. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi. Mwezi Mei 2005, hata miaka miwili haijatimia, Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja. Kesi zikaenda mpaka mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa, na mwaka 2008 moja likaamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, ingawa halikuamuru fidia ilipwe. Hadithi hii husimuliwa kama ya ubinafsishaji ulioshindwa, na ni kweli ulishindwa. Kinachosahaulika ni kwamba mwanzo wake na mwisho wake vyote vilitokea ngazi ya taifa. Wakazi waliolipa bili kwa City Water, wakaja kulipa kwa DAWASCO, shirika la umma lililochukua nafasi yake, na kuanzia 2018, taasisi hizo zilipounganishwa, wakalipa kwa DAWASA, hawakuwahi kuwa na kikao cha kuchaguliwa kilichoweza kusema: tuonyesheni kata kwa kata nani anapata maji na nani analipia hewa.

Kuhusu hewa, nasema neno hilo kwa maana yake halisi. Dira nyingi za majumbani huhesabu kwa kijigurudumu kinachozungushwa na kile kinachopita ndani yake. Bomba likikauka siku tatu, nne, hujaa hewa. Maji yakirudi huisukuma hewa hiyo mbele yake kwa nguvu, na kijigurudumu huzunguka. Mwenye nyumba anasikia bomba likikohoa na kuvuma kabla tone la kwanza halijatoka, na namba kwenye dira zinakimbia. Dawa yake inajulikana: valvu za kutoa hewa kwenye mabomba makubwa, zikaguliwe na kutunzwa, na zaidi ya hapo maji yasikatwe mara kwa mara. Zipo pia dira za mawimbi ya sauti zisizo na kijigurudumu, ila bei yake ni kubwa, na mkazi hana namna ya kujua amefungiwa ya aina gani. Wakala wa Vipimo huhakiki dira za maji, na hilo ni jema, lakini dira iliyo sahihi kabisa mbele ya mhakiki bado inaweza kuhesabu hewa ikiwekwa kwenye mtaa wa mgawo. Sasa fikiria dira hiyohiyo, gurudumu lilelile, imeongezewa kifaa cha kupokea tokeni. Hewa ikipita, uniti zinakatwa. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mama aliyenunua uniti tatu akapoteza moja kwa hewa amepoteza madumu 50, na ameyalipia kabla hajayaona.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwa bili ya mwisho wa mwezi, mkazi anayeona kuna kosa anaweza kukataa kulipa kiasi kinachobishaniwa wakati malalamiko yanashughulikiwa. Silaha hiyo ni dhaifu, kwa sababu mamlaka inaweza kumkatia maji, lakini ni silaha: fedha bado iko kwake, na mamlaka ndiyo inayolazimika kueleza. Kwa malipo ya kabla, fedha imekwisha kwenda. Sasa mkazi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uniti zake zimeliwa na hewa au na dira mbovu, na ndiye anayehangaika kudai arudishiwe. Tumebadili nafasi ya mdai na mdaiwa bila kujadiliana, na tumefanya hivyo katika mfumo ambao hauna mtu wa kuchaguliwa mwenye wajibu wa kusimama katikati yao.

Naifahamu hali ya mlalamikaji kwa sababu niliwahi kuwa yeye. Katika nyumba niliyokuwa nimepanga, bomba lilikauka kwa wiki nyingi, tukawa tunanunua maji ya boza, na mwezi huohuo bili ikaja kubwa kuliko ya mwezi tuliopata maji. Ofisi ya maji ilisema dira imesoma hivyo. Diwani alitusikiliza kwa heshima, akaandika majina yetu kwenye daftari lake, akasema ataongea nao. Sina shaka kwamba aliongea. Hakuwa na kifungu chochote cha kuwalazimisha wamjibu, na daftari lile ndilo likawa mwisho wa shauri letu.

Pamoja na hayo, si haki kuzibeza dira za malipo ya kabla, na wanaozipinga kwa jumla wanafanya kosa. Zinaondoa bili ya makadirio, ile inayoandikwa bila msoma mita kufika nyumbani, na hilo peke yake litawapunguzia wengi maumivu. Zinamwezesha mtu mwenye kipato cha siku kwa siku kununua kidogo kidogo badala ya kukabiliwa na deni la miezi mitatu kwa mkupuo. Katika nyumba za wapangaji wengi zinaweza kupunguza ugomvi wa nani katumia zaidi, ingawa anayekumbuka michango ya LUKU ya umeme anajua kwamba ugomvi huo huwa haufi, unabadilika sura. Faida kubwa kuliko zote, nionavyo, ni kwa taasisi za umma. Ofisi, kambi na hospitali za serikali zimekuwa miongoni mwa wadaiwa wakubwa wa mamlaka za maji kwa miaka mingi, na mwananchi wa kawaida analipa huduma inayodhoofishwa na deni hilo. Kama dira hizi zingeanzia huko, kabla ya kufika kwa mjane wa Mbagala, ningekuwa mtu wa kwanza kuzipigia makofi.

Afrika Kusini walilipitia jambo hili kabla yetu. Wakazi wa Phiri, Soweto, walikwenda mahakamani kupinga dira za malipo ya kabla zilizofungwa na Jiji la Johannesburg. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 2008. Mahakama ya Katiba, katika shauri la Mazibuko mwaka 2009, ikakubali dira hizo na kuona kwamba kiwango cha bure cha lita 6,000 kwa nyumba kwa mwezi kilikuwa cha busara. Wengi husimulia hukumu hiyo kama ushindi wa dira. Mimi naisoma kwa jicho lingine. Mbele ya majaji kulikuwa na jiji, chombo cha kuchaguliwa, kilicholazimika kuieleza sera yake mstari kwa mstari, na wakati kesi inaendelea jiji hilo lilirekebisha sera yake zaidi ya mara moja. Kulikuwa na mtu wa kushtakiwa aliyekuwa karibu na wakazi. Sisi tukifunga dira zilezile, mkazi wa Buza ataanzia kwa nani?

Sasa nije kwa wanaopinga madiwani kupewa kazi hii. Hoja yao yenye nguvu inahusu siasa, nami sitaipunguza uzito. Wanasema diwani atatumia maji kama fadhila: bomba litapelekwa kwa wapiga kura wake, bei itazuiwa isipande mwaka wa uchaguzi hata kama gharama za umeme na dawa za kutibu maji zimepanda, makusanyo yatachotwa kugharimia mambo mengine ya halmashauri, na mamlaka itakufa taratibu kwa kukosa fedha za matengenezo. Anayebisha kwamba hatari hiyo haipo hajaishi nasi. Ilikuwa sababu mojawapo ya kuzitenga huduma za maji na halmashauri, na naamini ilikuwa sababu halali. Lakini tuangalie kwa makini inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba diwani asipange bei, asiajiri meneja, asiguse akaunti ya makusanyo. Haithibitishi kwamba asione taarifa, asiulize, na asijibiwe kwa maandishi. Kuendesha ni kazi moja na kusimamia ni kazi nyingine; tulipowaondoa madiwani katika ya kwanza tuliwaondoa na katika ya pili pasipo sababu.

Hoja ya pili inasema tayari tuna EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mdhibiti huyu alianza kazi mwaka 2006. Hupitisha bei za maji, huitisha mikutano ya taftishi, yaani ya kukusanya maoni ya wananchi, kabla ya kuzibadili, husikiliza malalamiko, hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka, na kando yake lipo baraza la kuwasemea watumiaji. Nazisoma ripoti zake na nazithamini. Ndizo zinazotuambia, mwaka baada ya mwaka, kwamba zaidi ya asilimia 30 ya maji yanayozalishwa na mamlaka zetu hayalipiwi, kwa sababu ya mabomba yanayovuja, wizi na dira mbovu, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Ila EWURA ni chombo cha nchi nzima, na chombo hichohicho ndicho kinachotangaza bei ya petroli kila mwezi na kusimamia umeme na gesi asilia. Kinaona mamlaka kama takwimu moja. Hakiwezi kuona kwamba ndani ya wastani mzuri wa saa za huduma kuna mtaa unaopata maji saa nane usiku mara moja kwa wiki. Anayeuona mtaa huo ni yule aliyechaguliwa nao. Ninachopendekeza ni kumpa EWURA macho ambayo hana, na kazi yake ibaki yake.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo cha ajabu ndiyo inayosikika zaidi kwenye semina, ni kwamba madiwani hawana utaalamu wa maji. Wengi wao, inasemwa, hawajui kusoma mchoro wa mtandao wala kutofautisha dira na valvu. Hoja hii ingekuwa na maana kama tungewaomba wafunge bomba. Baraza la madiwani hupitisha bajeti ya hospitali ya wilaya, na hakuna anayewataka kwanza wajue kupasua. Wanaulizwa kama dawa zipo, kama wagonjwa wanatozwa kinyume cha utaratibu, kama jengo lililolipiwa limejengwa. Maswali ya maji ni ya aina hiyohiyo. Ratiba mliyotutumia inasema mtaa huu ungepata maji Jumanne, ulipata? Malalamiko mangapi ya bili yaliletwa kutoka kata hii, mangapi yamejibiwa, na nani amerudishiwa fedha? Kati ya maji yaliyoingia eneo hili mwezi uliopita, ni kiasi gani kimelipiwa? Mtaalamu akishindwa kumjibu diwani swali la namna hiyo kwa lugha ya kawaida, wa kunyooshewa kidole ni mtaalamu. Na kuna jambo jingine: utaalamu ulikuwapo kwa wingi katika kila uamuzi mbaya wa maji unaokumbukwa duniani.

Mfano mmoja ni Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Aprili 2014 mji huo, ambao ulikuwa ukinunua maji kutoka Detroit, ulihamishiwa maji ya Mto Flint ili kupunguza gharama. Wakati huo mji ulikuwa chini ya msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na gavana, na baraza lao la kuchaguliwa lilikuwa limebaki bila meno. Maji hayakuwekewa dawa ya kuzuia kutu, yakaanza kula mabomba na kubeba sumu ya madini ya risasi hadi kwenye vikombe vya watoto. Wakazi walipeleka chupa za maji ya rangi ya chai kwenye mikutano. Machi 2015 madiwani wao walipiga kura 7 kwa 1 kutaka mji urudi kwenye maji ya Detroit. Msimamizi aliikataa kura hiyo. Mji ulirudi Detroit Oktoba mwaka huo, baada ya miezi mingine saba ya watoto kunywa maji yale, na muda wote huo bili ziliendelea kutumwa. Madiwani wale hawakuwa wakemia. Walijua kwa sababu walipokea chupa.

Katika jimbo hilohilo upo pia mfano wa kutengeneza. Kwa miaka mingi miji ya pembezoni mwa Detroit ililalamika kwamba inalipia maji ya jiji bila kuwa na sauti, na jiji lililalamika kwamba mtandao lilioujenga unataka kuporwa. Kuanzia Januari 2016 mtandao mkubwa unaohudumia karibu watu milioni 4 ulikodishwa kwa mamlaka ya pamoja, kwa miaka 40, jiji likibaki mmiliki na kulipwa dola milioni 50 kwa mwaka zitumike kukarabati mabomba yake. Bodi ina watu sita: wawili wa jiji, mmoja wa kila kaunti kati ya tatu, na mmoja wa jimbo. Maamuzi mazito, bei ikiwemo, yanahitaji kura tano. Maana yake jiji haliwezi kuwaburuza majirani, na majirani hawawezi kuliburuza jiji. Sisemi tunakili bodi hiyo. Sheria zetu na historia yetu ni tofauti. Nachukua kitu kimoja tu kutoka kwao, kwamba wanaokunywa chanzo kimoja wamekaa meza moja na kila mmoja anajulikana anamwakilisha nani. Kwetu bodi za mamlaka huteuliwa na serikali kuu, na hata pale halmashauri inapopata mtu ndani ya bodi, mtu huyo haleti taarifa kwenye baraza lililomtoa wala baraza haliwezi kumwita.

Kwa hiyo, katika kila eneo la huduma linalovuka mpaka wa halmashauri, iwepo kamati ya pamoja ya madiwani kutoka kila halmashauri inayohudumiwa, ndogo au kubwa, ili Kibaha isimezwe na Kinondoni. Mamlaka ya maji iipelekee kila mwezi taarifa za kata kwa kata: saa za huduma zilizoahidiwa na zilizotolewa, malalamiko ya bili na muda yaliochukua, fedha zilizorudishwa, na upotevu wa maji kwa kila kanda. Meneja akiitwa afike, na akiulizwa kwa maandishi ajibu ndani ya siku 30. Kamati isiporidhika, kwa kura ya theluthi mbili, shauri liende EWURA, na EWURA iwajibike kulisikiliza hadharani. Kamati isiwe na posho inayotoka kwenye makusanyo ya maji, maana hapo ndipo wasiwasi wa wapinzani wangu ungetimia.

Kamati ya namna hiyo ingesaidia hata huko yanakotoka maji. Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, na kwenye kingo zake kuna wakulima wanaokatazwa, kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya 2004, kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mkoani Morogoro linajengwa bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190 ili Dar es Salaam isirudi kwenye mgawo wa 2022. Halmashauri za juu zinatakiwa kulinda kingo, kugombana na wapiga kura wao, kung'oa mashamba. Diwani wa huko akiuliza ni kiasi gani cha maji hayo kinamwagika ardhini chini ya barabara za Tabata, hana pa kuulizia. Ni vigumu kumwomba mtu ajinyime kwa ajili ya jirani ambaye hatoi hesabu ya alichopewa.

Kuna anayehofu kwamba mamlaka zetu hazina uwezo wa kutoa taarifa nyingi kiasi hicho. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, inayohudumia jiji hilo pamoja na Muheza, Pangani na Mkinga, iliuza hatifungani ya kijani, yaani dhamana ya mkopo kwa miradi inayojali mazingira, kutafuta Sh bilioni 53.12, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa kufanya hivyo ilikubali kuwapa wawekezaji taarifa zake za fedha kwa utaratibu na kwa wakati. Nawapongeza, ni hatua ya kijasiri. Lakini imeonyesha kwamba taarifa zinaweza kuandaliwa pale anayezihitaji anapokuwa na haki ya kisheria ya kuzidai. Aliyenunua hatifungani anayo haki hiyo. Diwani wa Pangani, ambaye watu wake wanalipa bili zitakazolipa riba ya hatifungani ile, bado hana.

Kazi hii haihitaji kusubiri sheria mpya yote ikamilike. Kila anayefungiwa dira ya malipo ya kabla anapewa masharti ya huduma na namba ya kununulia uniti. Masharti hayo yaeleze jinsi ya kurudishiwa uniti zilizoliwa na hewa, yaeleze ni siku ngapi malalamiko yanapaswa kujibiwa, na yaeleze kwamba yasipojibiwa nakala inakwenda kwa diwani wa kata na kusomwa katika kikao kinachofuata cha baraza, meneja akiwepo. Mabaraza yanaweza kuyadai hayo kwenye kikao chao cha robo mwaka kijacho. Na siku fundi atakapogonga geti akiwa na dira mpya mkononi na masharti yasiyo na kifungu hicho, mwenyekiti wa mtaa ana kila sababu ya kumwomba arudi ofisini akayalete yaliyokamilika.